Mtoto na Msimu wa Mvua: Historia ya Malezi Migori na Homa Bay

Masika huanza Nyanza Kusini mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, pengine hadi Juni. Waluo huyaita chwiri, na vuli, zinazokuja kuanzia Septemba, huziita opon. Kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria mvua hupenda kushuka alasiri na jioni, ikiambatana na radi. Mto Kuja hufurika upande wa Nyatike, vijia huteleza, mbu huongezeka, na mashamba hudai mikono ya kila mtu mzima. Kwa hiyo swali la mahali pa kumweka mtoto mdogo, na la kumpa cha kufanya, lina umri mkubwa katika eneo hili. Zamani halikuwa swali la mama peke yake. Lilikuwa na nyumba yake na mtu wake.

Mchana, mvua ilipokatika, udongo wenyewe ulikuwa mchezo. Wavulana walifinyanga ng'ombe wenye nundu na pembe, kisha wakawapangia maboma. Wasichana waliiga vyungu vya mama zao. Mchezo wa kalongolongo, ambamo watoto hugawana kazi za nyumbani na kupika mboga za majani ya kubuni, ulichezwa kando ya jiko au chini ya upenu. Raha kubwa zaidi ilikuwa kumbikumbi. Wako wanaoruka wenyewe baada ya mvua, na wako wanaotolewa kwa hila: watoto hupigapiga vijiti juu ya kichuguu kwa mfululizo unaofanana na matone, wadudu wakadhani mvua inanyesha, wakatoka. Waliliwa wabichi au wakakaangwa na kuliwa kwa ugali. Kazi hiyo ilimfundisha mtoto wa miaka mitano kutulia, kusikiliza na kungoja, bila mtu kuiita somo.

Giza lilipoingia, watoto walikwenda siwindhe. Hii ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee, mara nyingi mjane, aliyekuwa amekwisha kulea watoto wake. Wasichana walilala humo hadi walipoolewa. Wavulana walilala humo wangali wadogo, kisha wakahamia simba, nyumba ya vijana wa kiume. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha mwaka 1989 kuhusu Siaya, walimpa mwanamke huyo, pim, nafasi kubwa: kwake ndiko mtoto wa Kiluo alikojifunza ukoo, adabu, miili ya watu na mipaka ya ujirani. Desturi hiyo ilivuka Ghuba ya Winam pamoja na watu waliohamia kusini.

Siwindhe iliwezekana kwa sababu ya namna watu walivyoishi. Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, inaonyesha mpango huo kwa mawe. Kuta zake, zilizojengwa bila saruji na zinazokadiriwa kuanza katika karne ya 16, zilizingira nyumba, mifugo na bustani za familia nyingi kwa pamoja, na milango yake ni midogo kiasi kwamba mtu mzima hulazimika kuinama. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Baadaye maboma ya ua wa miti yalichukua nafasi ya mawe, lakini mtoto aliyetoka kwa mama yake kwenda kwa nyanya wa siwindhe hakuwa ametoka nje ya boma.

Usiku wa mvua ulikuwa wa ngeche, yaani vitendawili, na wa sigana, hadithi. Sungura Apwoyo alimshinda fisi kila mara. Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa katika Ndhiwa ya leo, alibadilika umbo mbele ya maadui. Hadithi mbili za Homa Bay zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Karibu na Kendu Bay, Ziwa Simbi Nyaima husimuliwa kuwa kijiji kilichozama baada ya watu waliokuwa kwenye karamu kumfukuza mwanamke mzee aliyekuja usiku kuomba hifadhi. Nyandiwa, huko Gwassi, mvuvi Nyamgondho alimvua mwanamke mzee ziwani, akatajirika kwa ng'ombe, kisha akamtukana akiwa amelewa. Mwanamke akarudi majini na mifugo yote ikamfuata. Msimulizi wa hadithi hizo alikuwa mwanamke mzee, na wasikilizaji walikuwa wamejikinga mvua chini ya paa lake. Ni vigumu kuamini kwamba watoto hawakuelewa.

Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baada yao shule zikaenea, zikiwemo za Kamagambo na Asumbi. Shule haikuvunja siwindhe kwa siku moja. Likizo ya Aprili iliangukia katikati ya masika, na wanafunzi wa bweni walirudi nyumbani wakati ule ule nyanya alipokuwa na mengi ya kusimulia. Kilichopungua kwanza ni mamlaka yake, kwa kuwa maarifa yaliyompatia kijana kazi yalikuwa katika kitabu asichoweza kukisoma.

Pigo kubwa lilikuwa la makazi. Migodi ya Macalder, kiwanda cha sukari cha Awendo kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ofisi za serikali mjini Homa Bay, na biashara ya barabara ya Isebania inayopita Migori ziliwaleta wazazi vijana katika vyumba vya kupanga. Nyanya alibaki kijijini. Ndani ya chumba kimoja chenye paa la mabati, mvua ikinyesha hata mazungumzo hayasikiki. Nafasi ya mzee ilichukuliwa na yaya, mara nyingi msichana aliyeacha shule, na huo ndio mgeuko mkubwa kuliko wote: mtoto wa mvua alitoka mikononi mwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani, akaingia mikononi mwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa bado analelewa.

Watoto wa ploti, yaani wa nyumba hizo za kupanga, walijitengenezea michezo yao. Bano, mchezo wa gololi, ilihamia barazani, bladda, kamba ya mpira ya kuruka, ikafungwa kati ya nguzo mbili, na brikicho, mchezo wa kujificha, ikachezwa nyuma ya matangi ya maji. Wazazi wenye nauli waliwapeleka watoto kwa nyanya kila likizo. Hadithi zenyewe zilipata njia nyingine: Asenath Bole Odaga alizikusanya na kuzichapisha, na katika miaka ya 1980 akaanzisha kampuni ya Lake Publishers mjini Kisumu, huku fasihi simulizi ikiingia katika mitaala ya shule.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na tangu 2013 Migori na Homa Bay zimekuwa zikiajiri walimu na kujenga madarasa ya watoto wadogo. Masomo hayo kwa kawaida huisha adhuhuri. Mvua ya ziwa hushuka baada ya hapo, na saa za alasiri hadi usiku bado hupangwa na mzazi, yaya na jirani, kila chumba kivyake.