Cheti cha babu na simulizi ya bibi: kwa nini miaka haifanani?

Familia nyingi za Suji, wilayani Same, hukutana na kitendawili hiki zinapokusanya karatasi za mirathi. Cheti cha ubatizo cha babu kina mwaka mmoja, cheti cha kuzaliwa kina mwingine, naye bibi anasema babu alizaliwa "wakati wa mbiru". Tuamini kipi? Kwanza tujue kila karatasi iliandikwa lini na kwa sababu gani.

Sheria ilisemaje?

Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika mwaka 1920, ikaanza kutumika 1921. Wazungu na Waasia walilazimika kusajili watoto wao. Kwa Waafrika ilikuwa hiari. Baada ya uhuru wa 1961, ulazima ulipanuliwa wilaya moja baada ya nyingine. Kwa hiyo usishangae ukikosa jina la babu aliyezaliwa milimani enzi za ukoloni katika vitabu vya serikali.

Daftari la kanisa

Waadventista wa Sabato waliingia Upare mwaka 1903, na Suji ikawa mojawapo ya vituo vyao. Wao hawabatizi watoto wachanga. Aliyebatizwa 1938 huenda alikuwa kijana wa miaka 15 au mzee wa miaka 50. Walutheri hubatiza wachanga, hivyo daftari lao mara nyingi huwa karibu zaidi na siku ya kuzaliwa.

Cheti cha kuzaliwa

Tafuta tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kusajiliwa. Zikipishana kwa miaka mingi, mwaka wa kuzaliwa huenda ulikadiriwa kutokana na maelezo ya ndugu au kiapo.

Pasipo karatasi

Tumia matukio yanayojulikana: Vita vya Kwanza vya Dunia (1914 hadi 1918), mgogoro wa kodi ya mbiru ulioanza 1945, uhuru (1961), vita vya Kagera (1978 hadi 1979). Uliza: wakati huo alikuwa bado mgongoni, alikuwa akichunga mbuzi, au alikuwa ameshaoa? Linganisha na umri wa nduguze. Kisha andika "yapata 1945", pamoja na jina la aliyekusimulia.

Usikwangue wala kubadilisha tarehe kwenye cheti. Kama tarehe zinagongana, peleka karatasi zote jinsi zilivyo ofisi ya usajili ya wilaya, uelekezwe namna ya kusahihisha.

Na watoto wa leo? Kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Ukichelewa, bado inawezekana, ila utatakiwa kuleta uthibitisho zaidi, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule. Wakala wa usajili, RITA, ndio wanaosimamia kazi hiyo Tanzania Bara.

Bibi yupo? Kaa naye jioni hii, uandike. Daftari la kanisa litasubiri.