Anayetazama hakukaa bure

Huku kwetu Mashamba, mu Kolwezi (jina linasikika kama fasi ya kulima, kumbe ni machimbo ya shaba na kobalti), kijana akija kujifunza kazi ya kuchimba haanzi na kitabu. Wakubwa wanamuambia tu: simama pale, tazama. Ukipita unaweza kusema huyu hafanyi kitu. Hiyo "hafanyi kitu" njo nataka tuongelee.

Daktari Hans Berger, huko Jena, Ujerumani, alifaulu kuandika mawimbi ya umeme wa ubongo wa mtu mwaka 1924, akayatangaza 1929. Kiisha, mwaka 1954, Wafaransa wawili, Henri Gastaut na Jacques Bert, walifunga watu waya kichwani wakawaonyesha filamu. Kuna wimbi moja, karibu mapigo 10 kwa sekunde, ambalo linaonekana juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mwili wakati mtu ametulia. Ukisogeza mkono, linazimika. Sasa, mu ile filamu mabondia walikuwa wanapigana. Watazamaji wamekaa kwenye kiti, hawagusi kitu, na wimbi likazimika vilevile. Mwili uko kitini, ubongo uko ulingoni!

Angalieni ile miaka. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa hospitali ya Mathari, Nairobi. Aliandika kwamba Mwafrika anatumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uleule, Mundy-Castle na wenzake, huko Afrika Kusini, walilinganisha mawimbi ya Waafrika na ya Wazungu, hawakukuta tofauti ya msingi. Nani alisikilizwa? Serikali ya Kenya ilimuita Carothers aieleze Mau Mau.

Tena mu migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mtaalamu Simon Biesheuvel alikuwa anapima wafanyakazi kwa filamu isiyo na maneno: mtu anatazama kitendo, halafu anakifanya. Kumbe walijua kabisa kwamba macho yanafundisha. Lakini mu kinywa cha mkoloni, Mwafrika aliyejifunza kwa macho alibaki "anaiga tu".

Siku hizi watafiti wanapima pia utata wa mawimbi. Hesabu moja ni ya Lempel na Ziv, ya 1976: unafuata mfululizo wa alama, unahesabu ni mara ngapi kunatokea kitu kipya. Ngoma ya pigo moja ina utata mdogo; mpigaji akibadilisha, unapanda. Wanaitumia hata kwa mtu anayetazama kazi ya mwenzake. Lakini tusidanganyane, namba kubwa si akili kubwa: hata kelele tupu inatoa namba kubwa.

Miye mwenyewe nilikosa hapo. Nilipomaliza licence ya agronomia nilienda kufundisha wamama kupanda mihogo, nikasoma karatasi zangu saa nzima. Wao kimya, macho kwenye mikono yangu. Moyoni nikasema: hawa hawaelewi. Mama mmoja akaniambia:

"Agronome, acha kusema. Panda tuone."

Nikapanda mistari miwili. Wa tatu wakaupanda wao, na nafasi zao zilikuwa zimenyooka kupita zangu.