Mtoto Aliyezaliwa Bila Njia ya Haja Kubwa: Tazameni na Moyo, Figo na Mgongo

Katika kila watoto 5,000 hivi wanaozaliwa hai, mmoja huja bila tundu la haja kubwa, au tundu likiwa jembamba mno, au likiwa mahali pasipo pake. Wakunga wanalijua jambo hili tangu zamani. Lisilojulikana sana ni kwamba takriban nusu ya watoto hao wana kasoro nyingine ndani ya mwili, na aghalabu hiyo iliyojificha ndiyo ya hatari zaidi.

Viungo hivi huumbika wakati mmoja, kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, pengine mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Njia ya haja kubwa na ya haja ndogo huanza kama mfuko mmoja, kisha zikatengana. Kinachovuruga kazi hiyo huweza kugusa pia moyo, umio, figo na pingili za mgongo. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Si kijicho, wala si kosa la mama, na wanaomnyooshea kidole wamwache apumzike.

Kinachotangulia kwa haraka ni umio. Baadhi ya watoto hawa umio wao umekatika njiani au umeungana na njia ya hewa. Dalili yake ni povu la mate lisilokwisha mdomoni, na mtoto kupaliwa na kugeuka buluu akinyonya mara ya kwanza. Ndiyo maana muuguzi anatakiwa kupitisha mpira mwembamba hadi tumboni kabla mtoto hajapewa maziwa. Ni kazi ya dakika chache.

Figo na njia ya mkojo ndizo zinazoathirika zaidi: figo moja kukosekana, au mkojo kurudi juu na kuziharibu polepole. Kwa mtoto wa kiume, kinyesi kikionekana kwenye mkojo maana yake utumbo umefungukia njia ya mkojo. Moyo nao huweza kuwa na tundu. Kwa mgongo, picha ya altrasaundi huonyesha vizuri miezi mitatu ya mwanzo, kabla mifupa haijakomaa. Baada ya hapo hutakiwa mashine kubwa zaidi, na gharama pia. Umbo la mfupa wa chini ya mgongo humsaidia daktari kukisia kama mtoto ataweza kuzuia choo akikua.

Nimechagua Isiolo kwa sababu ya umbali, na msomaji wa Kipini au Garsen atajiona humo. Mtoto akizaliwa nyumbani upande wa Merti au Sericho, tatizo huweza kugunduliwa siku ya pili au ya tatu, tumbo limeshafura na anatapika kijani. Kuna safari ya vumbi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo, na kwa upasuaji mkubwa pengine hadi Kenyatta, Nairobi, au Kijabe. Kwa wengi hatua ya kwanza ni kutoboa tumbo na kutoa utumbo nje ili kinyesi kipate njia. Kutengeneza tundu lenyewe hufuata baadaye, kwa njia aliyoianzisha Dkt. Alberto Peña nchini Mexico mwaka 1980, kisha utumbo hurudishwa ndani.

Hapa katikati ndipo watoto wanapopotea. Tumbo limenywea, mtoto ananyonya, familia inarudi nyumbani na vitambaa vya kufungia tumbo, na kila mtu anaona kazi imekwisha. Figo hazijapigwa picha, moyo haujasikilizwa vizuri. Miezi ikipita homa inakuja, inatibiwa kama malaria, kumbe ni maambukizi ya mkojo.

Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa, mzazi aulize mambo manne: mpira umefika tumboni? Moyo umepigwa picha? Figo je? Na mgongo? Kama kipimo hakipo hapo, barua ya rufaa itaje ni kipi na kifanywe wapi. Majibu yaandikwe kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto. Kwa msichana iongezwe kwamba kizazi chake kichunguzwe kabla hajavunja ungo, kwani huweza kuwa kimegawanyika au njia yake imeziba, na damu ya kwanza ikakosa pa kutokea.