Bolingi ya wanawake: mataji yapo, kamera hazipo

Januari 24, 2010, huko Las Vegas, Kelly Kulick alimkabili Chris Barnes, mmoja wa wanaume hodari zaidi wa bolingi nchini Marekani, katika fainali ya Mashindano ya Mabingwa ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa bolingi. Televisheni ya ESPN ilikuwa inaonyesha. Mwanamama huyo alimaliza na pointi 265, Barnes 195. Kwa kuwa pointi za juu kabisa katika mchezo mmoja ni 300, huwezi kusema alibahatisha. Hakuna mwanamke aliyewahi kutwaa taji la mzunguko wa PBA kabla yake.

Miaka saba nyuma, Kulick huyohuyo alikuwa ametwaa U.S. Women's Open. Mwaka huohuo wa 2003, mzunguko wa mashindano ya wanawake wa kulipwa ukafa. Bingwa akarudi kwao New Jersey kufanya kazi kwenye gereji ya baba yake.

Hiki ndicho kinachowaudhi mashabiki, na ndiyo maana kila mara wamezilaumu televisheni. Wanawake hawa hawakuanza jana. Walianzisha shirikisho lao mwaka 1916 mjini St. Louis, wakiwa 40 tu. Mwaka 1927 Floretta McCutcheon alimshinda Jimmy Smith, nyota wa enzi hiyo, katika pambano la maonyesho. Chama cha wanawake wa kulipwa kilizaliwa mwaka 1960, na baadaye Lisa Wagner akakusanya mataji 32.

Wanaume nao walipata nini? Kuanzia 1962 hadi 1997, televisheni ya ABC iliwatangaza Jumamosi mchana, na familia nzima zikazoea sura zao kama za majirani. Wanawake walionekana, ESPN iliwaonyesha miaka ya 1980 na 1990, lakini hawakupewa kiti cha kudumu sebuleni. Bila kamera mdhamini haji, na mdhamini asipokuja zawadi hupungua. Zawadi zikipungua, mchezaji anatafuta kazi nyingine, halafu wakuu wa vituo wanasema mchezo hauna mvuto.

Hoja hiyo mimi siinunui. Bolingi ni mchezo rahisi kurusha hewani: wachezaji wawili, njia yenye urefu wa mita 18 hivi, na mpira unaoweza kufika kilo 7. Mtazamaji anaona uso wa mchezaji anapovuta pumzi, na pini moja inayoyumba ikikataa kuanguka. Haya yote hayajali jinsia. Mwaka 2005 mwanamke mwingine, Liz Johnson, alifika fainali ya shindano la PBA mbele ya kamera. Alishindwa na Tommy Jones, lakini kufika kwake hapo hakukuwa huruma ya mtu.

Mwaka 2015 mzunguko wa wanawake ulifufuliwa kwa fedha za shirikisho la bolingi la Marekani na chama cha wamiliki wa kumbi, na CBS Sports Network ikaonyesha fainali zake. Ni jambo jema, ila hicho ni kituo cha kulipia.

Wanaume walipewa miaka 35 kwenye ABC. Wakuu wa televisheni, wapeni wanawake mitano tu, siku ileile na saa ileile kila wiki, ndipo mtuambie hawana watazamaji.