Tuanzie Msingini

Hapa Songea, mji wenye jina la Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, naona nyumba kuukuu za matofali ya kuchoma zikipakwa rangi mpya, huku maji ya mvua yakila misingi yake. Najiuliza: ufa huo tunamficha nani?

Tukumbuke Unguja. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilisalimika katika mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Hilo lilikuwa onyo. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka na kuua mafundi wawili.

Kuimarisha msingi wa zamani hakutaki pupa. Kwanza ukuta uegemezwe kwa magogo. Kisha fundi achimbe chini yake kipande cha mita moja hivi, ajaze zege, asubiri likauke, ndipo ahamie kipande kingine kisichopakana na hicho. Anayechimbua ukuta wote kwa mkupuo anajichimbia kaburi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: kabla ya kuuziba, tazama chini.