Ujenzi na Uchukuzi wa Programu: Mfano wa Reli ya Mpanda

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa njia ya reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili ya mgodi wa risasi. Hati ya behewa hueleza mzigo na uendako. Habari za namna mawe yalivyosagwa hubaki mgodini. Kazi hizi mbili, kutengeneza na kuchukua, zilitengana vivyo hivyo katika historia ya programu za kompyuta.

Kwa upande wa utengenezaji, Stuart Feldman wa Bell Labs alitunga Make mwaka 1976. Make husoma utaratibu ulioandikwa, ikatazama ni faili lipi lililobadilika, ikajenga upya sehemu ile tu. Lakini haiulizi kompaila ni ya toleo gani. Huipokea kama ilivyoikuta. Kwa upande wa uchukuzi, Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilieneza vifurushi vilivyokwisha kujengwa, kila kimoja na jina lake, toleo lake, na orodha ya vile kinavyovitegemea. Mpokeaji alijua amepata nini. Hakuweza kuthibitisha kwamba kimetokana na msimbo chanzo uliotangazwa.

Eelco Dolstra, katika tasnifu aliyoitoa Utrecht mwaka 2006, alijaribu kuziunganisha kazi hizo. Katika Nix, jina la kifurushi hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukijenga. Hata hivyo, malighafi zile zile si lazima zilete kitu kile kile: tarehe ya ujenzi ikiandikwa ndani, au mafaili yakipangwa kwa mfuatano mwingine, biti hutofautiana. Ndiyo maana tangu mwaka 2013 wajenzi wa Debian wamekuwa wakiziondoa tofauti hizo moja moja, ili watu wawili wakijenga mbalimbali wapate kitu kimoja.

Suala hili lawahusu wataalamu wa lugha pia. Istilahi za Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, ziliandikwa kwanza katika mafaili ya chanzo, ndipo zikajengwa ndani ya programu. Kifurushi kikihifadhiwa peke yake, mtafiti wa kesho ataliona neno, asiweze kulisahihisha. Chanzo kikihifadhiwa peke yake, ataweza kulisahihisha, asiweze kulijenga. Basi maktaba itakayo kuhifadhi Kiswahili cha kompyuta haina budi kuweka pamoja chanzo, utaratibu wa ujenzi, na matoleo ya vifaa vyote.