Mama Nani?

Ukihamia mtaa wa Munyaka, hapa Eldoret, majirani hawana haja sana na jina lako la kitambulisho. Wanangoja mtoto atokee mlangoni, wasikie anavyoitwa, na kuanzia hapo wewe ni Mama Njeri au Mama Kiprono. Mtoto asipotokea, biashara inaweza kukuokoa. Mama Mboga hajawahi kuulizwa kama hizo sukuma wiki alizizaa yeye. Mwenye taabu ni yule asiye na mtoto wala kibanda. Huyo tunamwita Anti, hata kama ndiye anayewaamsha watoto wa marehemu dada yake alfajiri, akawachemshia uji wa wimbi na kuwasukuma shuleni sweta zikiwa bado mbichi.

“Anti” silipendi. Mkalenjin ana senge, Mluhya ana senje, nao wote wawili ni dada ya baba, kama shangazi wa Kiswahili. Mkikuyu ana tata. Na dada ya mama je? Katika Kiswahili cha pwani huyo ni mama kamili: mama mkubwa akimzidi mama yako umri, mama mdogo akiwa mdogo wake. Cheo hicho hakingoji azae. Anakipata siku dada yake anapojifungua, hata kama yeye mwenyewe bado yuko darasa la tatu. Sisi wa mjini tumewakusanya wote hao ndani ya “anti”, tukamtia humo na mfanyakazi wa nyumbani, kisha tunashangaa mwanamke asiyezaa akikosa pa kusimama.

Kwa kutaja upungufu wake, maneno yapo tele. Kuna mgumba, kuna tasa, ambalo mfugaji hulitumia hata kwa ng'ombe. Kwa kutaja kazi yake kuna mlezi, kutokana na kulea, na methali inampa haki yake: kuzaa si kazi, kazi kulea mwana. Lakini tazama neno hilo linakotua kwa heshima. Mlezi wa chama, mlezi wa klabu: mara nyingi ni mheshimiwa aliyefika na bahasha, akapigwa picha, akaondoka. Huyo hakuna anayemuuliza ana watoto wangapi.

Wanandi, majirani zetu wa hapa, walitafuta njia nyingine. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa nyumba yake na warithi wake. Mtafiti Regine Smith Oboler aliandika juu ya desturi hiyo mwaka 1980. Mimi nanaswa na kitenzi. Kiswahili sanifu kinataka mwanamume aoe na mwanamke aolewe, ila hapa mwanamke ameoa, na kimila anahesabiwa mume. Mlango ulifunguliwa kweli, lakini ilimbidi aupite kwa jina la kiume. Ulezi peke yake haukutosha.

Sheria ya Watoto ya 2022 imejaribu kwa namna yake. Inatambua mtoto kulelewa na jamaa, inaweka taratibu za uangalizi na za kuasili, na imeingiza kafala, ambapo Mwislamu anamchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi bila kumfuta nasaba yake. (Ni kafala hiyohiyo, kwa jina tu, inayomfunga kijakazi kwa mwajiri wake kule Ghuba. Mzizi ni mmoja wa Kiarabu, wa kudhamini. Matunda ni shubiri na asali.)

Barua za shule nazo huanza na “Mpendwa Mzazi/Mlezi”. Mkwaju ule katikati unanikera kidogo, kwa kuwa unamfanya mlezi aonekane mchezaji wa akiba. Afadhali matangazo ya vifo ya watani zetu Watanzania, ambamo utakuta marehemu alikuwa “mama mlezi” wa fulani na fulani, majina yote yakatajwa. Ningependa Anti wa Munyaka aitwe hivyo sasa, angali anadaiwa karo.